Ulinzi Uko kwenye Kontena, Alama Ziko Darasani

Msimu wa mitihani Kenya, kontena la karatasi hufunguliwa asubuhi mbele ya maafisa, na polisi huzisindikiza karatasi hadi shuleni. Kwa mtihani wa Gredi ya 6, yaani KPSEA, ulioanza mwaka 2022, ulinzi wote huo ni wa asilimia 40 ya alama. Asilimia 60 hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6. Hizo hazina kontena wala askari.

Nia ya kumpima mtoto darasani naiunga mkono kwa moyo wote. KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulipima miaka minane ya mtoto kwa siku tatu. Mtaala wa umilisi, CBC, ulitaka mtoto aonekane akitenda. Lakini kazi hiyo imemwangukia nani? KNEC, baraza la mitihani, huweka maswali na kazi za vitendo kwenye tovuti; shule hupakua na kuchapisha, kisha mwalimu husimamia, husahihisha na kupakia alama kabla tovuti haijafungwa. Mgao wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nao hauji kwa wakati kila mara. Shule isiyo na printa humtuma mwalimu saiba, sokoni.

Mwalimu mwenye watoto 70 darasani anatakiwa, kwa mfano, amtazame kila mmoja akitengeneza mboji, aamue nani amefikia matarajio na nani anayakaribia. Muda ukimwishia, atajaza kwa kukisia, na tovuti itapokea. Haina namna ya kujua kama mtoto aliigusa ile mboji au mzazi ndiye aliyeifanya nyumbani. Kinachofuatiliwa ni kama alama zimefika.

Simlaumu mwalimu. Nalaumu uangalizi unaoishia kwenye kompyuta, ilhali alama hizi zinamfuata mtoto: KPSEA ni asilimia 20 ya matokeo ya Gredi ya 9, tathmini za Gredi ya 7 na 8 ni 20 nyingine, na matokeo hayo hutumika kumpangia shule ya sekondari ya juu. Maafisa wa ubora wa elimu wapewe usafiri, wafike darasani kazi ikiendelea. Walimu wa shule jirani wabadilishane madaftari machache, wasahihishe upya, walinganishe alama. Na pesa za kuchapisha zitangulie maswali.