Breki za Gari la Zamani: Tuzitengeneze au Tuzibadilishe?

Mtu akiwa na pikapu iliyokwisha kuzeeka, huja siku fundi akamwuliza: "Je, tutengeneze breki hizi, au tuzitoe tutie za namna mpya?" Swali hilo si dogo. Katika njia za Nyangwe, Kasongo na Kabambare, gari la namna hiyo ni tegemeo la jamaa nzima. Ndilo lichukualo mpunga, mihogo, karanga na mawese kwenda sokoni, na juu ya magunia huketi kina mama na watoto. Tena fedha ya breki pengine ndiyo hiyo hiyo fedha ya karo ya shule. Basi yafaa tulitazame jambo hili polepole.

Nyangwe yajua safari tangu zamani. David Livingstone alipofika hapo mwaka 1871, alikuta soko kubwa kando ya mto Lualaba. Siku zile mizigo ilikwenda kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu. Mpagazi akichoka hutua mzigo akapumzika. Lakini gari lililo mteremkoni halichoki. Halina budi lisimamishwe.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Mzigo ukizidi mara mbili, joto nalo huzidi mara mbili. Mwendo ukizidi mara mbili, kama kutoka kilomita 30 kwa saa hata 60, joto huzidi mara nne. Ndiyo sababu dereva mwenye haraka huzichosha breki kuliko mwenye mzigo.

Magari ya zamani yalikuwa na breki za dramu. Hilux za kwanza za mwaka 1968 zilikuwa nazo katika magurudumu yote manne. Ndani ya dramu mna vipande viwili vya chuma vilivyopindwa mfano wa mwezi mwandamo. Dereva akikanyaga, hutanuka na kubana dramu kwa ndani. Kwa kuwa dramu imefunikwa, joto halitoki upesi, na katika mteremko mrefu breki hulegea. Gari likivuka kijito, maji huingia nayo hukawia kukauka. Breki za diski ni sahani ya chuma iliyo wazi, inayobanwa pande mbili na pedi. Upepo huipoza, na maji hurushwa nje. Mwaka 1953 magari ya Jaguar yenye diski yalishinda mashindano ya Le Mans, Ufaransa, na watu wengi wakaiona faida yake.

Je, kila mwenye gari la zamani atupe dramu zake? La, hasha. Mara nyingi breki hushindwa kwa sababu zimeachwa bila matunzo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya namna ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205. Yakiisha kunyonya maji yaweza kuchemka kwa digrii 140 tu. Hapo mvuke hujaa katika mabomba, na mguu huzama bila gari kusimama. Kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili. Wengine hutia mafuta ya injini: mpira wa ndani huvimba na kuharibika. Wengine hutia maji ya sabuni, nayo huchemka upesi na kuleta kutu. Na fundi akifungua dramu kuukuu, asipulize vumbi lake, maana breki nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, nayo huleta maradhi ya mapafu. Alowanishe kwanza.

Anayeamua kubadilisha, abadilishe kwa ukamilifu. Dramu husaidiwa na mzunguko wa gurudumu katika kubana, lakini diski haina msaada huo. Kwa hiyo mara nyingi yataka busta, yaani chombo cha kuongeza nguvu ya mguu, pamoja na silinda kuu inayoifaa. Rimu nazo zisigusane na vyombo vipya. Tena breki za mbele na za nyuma zipatane. Magurudumu ya nyuma yakikwama kwanza, gari huzunguka njiani. Na kabla ya kununua, uliza kwanza kama pedi zake zapatikana Kasongo au Kindu. Chombo kisicho na vipuri ni mzigo mwingine.

Sisi twaona hivi. Gari liendalo polepole katika njia tambarare, lenye mzigo wa kadiri, latosha kwa dramu zilizotengenezwa vema. Gari lishukalo vilima mara kwa mara likiwa limejaa, lastahili diski za mbele, mradi fundi awe anaijua kazi hiyo. Fedha ikiwa haba, anza na matengenezo yote, punguza magunia, na utie gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwenye gari ana haki ya kuhesabu fedha yake. Lakini mama aliyeketi juu ya gunia na mtoto wake hakuulizwa neno lo lote juu ya breki. Yeye naye ahesabiwe.