Je, Wajua? Nyimbo za Kantri Zilifika, Vichekesho Vikabaki Njiani

Panda basi la Kitale kwenda Lodwar, na huenda ukamsikia mwimbaji wa kantri Jim Reeves au Don Williams hata kabla ya Kainuk. Ukiendelea hadi Kakuma, kilomita kama 120 mbele, huenda ukawakuta tena kwenye simu ya mtu, wamebanwa katikati ya rumba ya Kongo. Lakini je, wajua kwamba kantri ilikuwa na wachekeshaji wake pia, waliorekodi sahani kama waimbaji? Hao huku ni nadra kutajwa.

Archie Campbell alizaliwa 1914 huko Bulls Gap, mji mdogo wa reli jimboni Tennessee. Mwaka 1969 chama cha muziki wa kantri cha Marekani kilimtangaza mchekeshaji wa mwaka, na mwaka huohuo kipindi cha Hee Haw, alichokiandikia na kukiigizia, kikaanza kwenye televisheni. Kichekesho chake maarufu, Rindercella, ni kisa cha yule msichana aliyepoteza kiatu, ila sauti za mwanzo za maneno zimebadilishana nafasi. Campbell alikisimulia kwa uso mkavu, bila kukwama. Jaribu mwenyewe: “samaki wa Turkana” wawe “tamaki wa Surkana”, kisha uendelee hivyohivyo hadi mwisho wa hadithi. Ulimi utakushinda mapema.

Watoto wa Pwani wana mchezo wa ukoo huohuo, kinyume, ambapo silabi ya mwisho hutangulizwa: Kakuma ikawa Makaku. Tofauti ni kwamba kinyume hufichia siri, ilhali Campbell alitaka ukumbi mzima umfuate. Ndipo ugumu ulipo. Wimbo wa Jim Reeves utakuliza hata kama Kiingereza hukijui vizuri. Rindercella itakuacha ukiwatazama wanaocheka.

Minnie Pearl naye, jina lake halisi Sarah Ophelia Colley, alipanda jukwaa la Grand Ole Opry mjini Nashville kwa mara ya kwanza 1940. Alijifanya mshamba wa kijijini, ingawa alikuwa msomi wa sanaa za jukwaani. Kwenye kofia yake kilining'inia kibandiko cha bei, dola 1.98, na kwenye sahani kibandiko hicho, bila shaka, hakionekani. Kilichosikika ni salamu yake ya kupasua masikio na umati ukiijibu. Hilo Lodwar halihitaji mkalimani: anayeshika maikrofoni akaita “Ejoka!” huitikiwa “Ejok-noi!” kabla hajachekesha lolote.

Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alikuwa mwimbaji, lakini Juni 1931 yeye na waimbaji wenzake wa familia ya Carter walirekodi maigizo mafupi ya kutembeleana. Moja linadai wako Texas. Kumbe wote walikuwa studioni Louisville, Kentucky.

Rodgers huyohuyo ndiye aliyefika Kenya, kwa gramafoni. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakiimba kuhusu “Chemirocha”, jina la Rodgers likiwa limepita katika ulimi wa Kikalenjin. Tracey alitoka na nyimbo tatu. Katika ile ya wasichana wa Kapkatet, Chemirocha ni kiumbe nusu mtu nusu paa, anayeombwa acheze mpaka suruali imvuke. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933 na hakuwahi kukanyaga Kenya. Kwa maoni yangu, hakuna mchekeshaji wa Nashville aliyebuni mhusika wa kumfikia huyo, na wasichana wale hawakuhitaji kuelewa hata neno moja la sahani zake.

Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Mwaka 2015 nakala zilirudishwa kwa Wakipsigis, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai kujisikiliza.