Usilaumu betri, huenda laptopu yako hailali

Umefunga laptopu saa nne usiku ikiwa na chaji asilimia 80. Asubuhi stima zimepotea Umoja nzima, kazi ya mtandaoni inatakiwa saa sita mchana, na ukiifungua unapata asilimia 9. Fundi atakwambia ununue betri. Tulia kwanza.

Kama unatumia Linux, huenda shida iko kwenye keneli, kile kiini cha mfumo kinachoamua ni kifaa gani kipate umeme na kipi kizimwe. Keneli ina njia mbili kuu za kulaza mashine. Ya kwanza, s2idle, ni kusinzia tu: skrini imezima lakini sehemu kadhaa bado zinakula moto. Ya pili, deep, ni usingizi wa pono: karibu kila kitu hukatiwa umeme isipokuwa RAM.

Fungua terminal, andika:

cat /sys/power/mem_sleep

Neno lililo ndani ya mabano ndilo linalotumika. Ukiona [s2idle] deep, hifadhi kazi yako kisha andika:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Ilaze, iamshe. Ikigoma kuamka, izime na kuiwasha upya. Mpangilio wa zamani utarudi. Kama deep haionekani kabisa, angalia BIOS. Mashine nyingine mpya hazina.

Linus Torvalds alitoa Linux mwaka 1991, na kodi yake iko wazi kwa yeyote, hata kijana wa Kayole, kuikagua na kuirekebisha. Betri mpya ni pesa. Amri hii ni bure, anza nayo.