Maandamano yakiitishwa siku ya safari yako ya ndege, ufanye nini?

Kwa familia nyingi za kijijini, tiketi ya ndege hainunuliwi kwa pesa za mfukoni. Ng'ombe ameuzwa, chama kimekopesha, au mtoto aliye Doha ametuma. Viza ya kazi ina tarehe ya mwisho, hospitali ya India imeshatoa siku ya kumwona mgonjwa, au chuo kinafungua Jumatatu. Kisha, siku tatu kabla ya safari, unasikia redioni kwamba kutakuwa na maandamano Nairobi siku hiyo hiyo. Je, utafika uwanjani? Na ukichelewa, pesa zitarudi?

Maswali haya yamekuwa mengi nchini Kenya tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha. Hapa hatuzungumzii nani ana haki na nani hana. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Tunazungumzia msafiri, na jinsi anavyoweza kujipanga ili siku hiyo isimle pesa zake zote.

Ndege huruka, barabara ndiyo hufungwa

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba maandamano ni nadra kufunga uwanja wa ndege wenyewe. Imewahi kutokea kwingineko. Mwaka 2008 waandamanaji waliuteka uwanja mkuu wa Bangkok, Thailand, kuanzia tarehe 25 Novemba hadi 3 Desemba, na mamia ya maelfu ya wasafiri wakakwama. Agosti 2019 ndege zilifutwa Hong Kong siku mbili mfululizo baada ya waandamanaji kujaa ndani ya jengo la abiria. Septemba 2025 uwanja wa Kathmandu, Nepal, ulifungwa na kufunguliwa tena siku iliyofuata.

Hapa kwetu mambo yamekuwa tofauti. Tarehe 23 Julai 2024 vijana walipotangaza kwamba wangeandamana hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, JKIA, polisi walijaa barabarani na ukaguzi ukaongezwa, lakini ndege ziliendelea kuruka. Tarehe 11 Septemba 2024 ndege zilikwama kweli, ila sababu ilikuwa mgomo wa wafanyakazi wa uwanja waliopinga mpango wa kampuni ya Adani ya India. Mgomo huo ulimalizika siku hiyo hiyo. Tarehe 16 Oktoba 2025 JKIA ilifungwa kwa takriban saa mbili, na hayo hayakuwa maandamano: ni umati uliokwenda kuupokea mwili wa Raila Odinga.

Sasa linganisha na tarehe 7 Julai 2025, siku ya Saba Saba. Tangu alfajiri polisi waliweka vizuizi katika barabara kuu zinazoingia Nairobi. Abiria wa mabasi ya usiku kutoka mashambani walishushwa njiani, wengine wakiwa bado kilomita kumi hivi kutoka katikati ya jiji. Aliyekuwa na ndege siku hiyo hakuzuiwa na rubani. Alizuiwa na kilomita za mwisho za barabara.

Kwa nini tofauti hiyo inagusa mfuko wako

Shirika la ndege likifuta safari, deni ni lake: linapaswa kukupa ndege nyingine au kukurudishia pesa. Lakini ndege ikiondoka kwa wakati na wewe umekwama kwenye kizuizi, katika hesabu zao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Tiketi nyingi za bei nafuu hupoteza thamani yake hapo hapo, au hutozwa faini kubwa ili zibadilishwe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ukikosa kipande cha kwanza cha safari, kompyuta ya shirika kwa kawaida hufuta vipande vyote vilivyobaki, pamoja na tiketi ya kurudi. Mtu aliyekosa ndege ya Nairobi kwenda Addis Ababa hawezi kudhani kwamba kiti chake cha Addis Ababa kwenda Riyadh bado kinamngoja.

Kwa hiyo hatari kubwa ya siku ya maandamano iko kwako wewe msafiri, kuliko shirika. Mpango wako wote uanzie hapo.

Soma kalenda kabla ya kununua tiketi

Maandamano mengi hayaji ghafla. Sheria ya Utulivu wa Umma ya Kenya inataka waandalizi wawaarifu polisi angalau siku tatu kabla, na si zaidi ya siku 14. Hata pale ambapo taarifa hiyo haitolewi, tarehe huvuma mitandaoni na redioni mapema. Mwaka 2023 maandamano ya upinzani yaliitishwa siku za Jumatatu na Alhamisi. Mwaka 2024 vijana walitoka mara nyingi Jumanne na Alhamisi.

Zipo pia tarehe zinazorudi kila mwaka. Tarehe 25 Juni sasa ni kumbukumbu ya wale waliouawa mwaka 2024 siku Bunge lilipovamiwa. Tarehe 7 Julai ni Saba Saba, kumbukumbu ya mkutano wa mwaka 1990 wa kudai vyama vingi. Na uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Siku ya kura, siku za kuhesabu na siku matokeo yanapotangazwa zote ni za kuangaliwa.

Ikiwa safari yako haina tarehe ya lazima, mwambie wakala akupangie siku mbili mbele au nyuma ya tarehe hizo. Ikiwa tarehe ni ya lazima, uliza kabla ya kulipa: tiketi hii ikibadilishwa, natozwa kiasi gani? Wakati mwingine tiketi iliyo ghali kidogo hubadilishwa kwa ada ndogo tu. Na ukitaka bima ya safari, inunue mapema na uulize wazi kama inalipia ghasia na maandamano. Ukiinunua baada ya maandamano kutangazwa, kampuni nyingi za bima zitakwambia tukio hilo lilikuwa linajulikana tayari.

Lala upande wa uwanja

Chukua mfano wa mtu anayetoka Bungoma mwenye ndege ya saa kumi jioni. Siku za kawaida hupanda basi la usiku, akafika Nairobi alfajiri, akapumzika kwa ndugu, kisha akaenda uwanjani saa sita mchana. Mpango huo unategemea kuvuka jiji siku yenyewe. Siku ya maandamano ndipo unapovunjika.

Msafiri huyo aondoke siku moja kabla, mchana, na alale upande wa uwanja, siyo katikati ya jiji wala Westlands. Tuseme chumba ni shilingi 1,500 na tiketi ni shilingi 50,000. Kulipa 1,500 ili kulinda 50,000 ni hesabu ambayo mkulima yeyote anaielewa: ni sawa na kununua dawa ya kuhifadhi mahindi ghalani. Lakini chagua mahali kwa makini. Mlolongo na Kitengela ziko upande huo, ila nazo zimewahi kuwaka moto. Julai 2023 waandamanaji waliharibu sehemu ya barabara ya Nairobi Expressway pale Mlolongo. Kadiri unavyolala karibu na lango la uwanja, ndivyo vizuizi vya kuvuka vinavyopungua.

Anayetoka magharibi au Bonde la Ufa anaweza kukwepa katikati ya jiji kwa kupitia Southern Bypass, inayotokea Kikuyu hadi Mombasa Road. Anayetoka Mlima Kenya anaweza kushika Eastern Bypass kutoka Ruiru. Muulize dereva siku moja kabla atapita wapi njia ya kawaida ikifungwa. Dereva asiye na jibu, tafuta mwingine.

Wasikilizaji wa Pwani na Ukambani wana bahati moja: treni ya SGR. Kituo chake cha Nairobi kiko Syokimau, karibu na uwanja, kwa hiyo anayepanda Mombasa, Voi, Mtito Andei au Kibwezi hana haja ya kuingia mjini. Na walio karibu na Kisumu, Eldoret au Mombasa waulize bei ya ndege ya ndani hadi JKIA ikiwa kwenye tiketi moja na safari ya nje. Tiketi ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine. Ukizinunua mbili mbalimbali, kila moja inajisimamia.

Siku yenyewe, toka mapema kuliko kawaida. Pale JKIA kuna ukaguzi wa usalama, na ulinzi ukizidishwa foleni huwa ndefu. Kumbuka kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa kama saa moja kabla ya ndege kuruka. Aliyefika dakika 40 kabla, hata kama ndege anaiona kwa macho, amechelewa. Ni heri kuchoka kitini uwanjani saa nane kuliko kuchelewa dakika nane.

Karatasi, pesa mkononi na namba yako

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, maandamano yalizuka, intaneti ikakatwa nchi nzima, na jijini Dar es Salaam watu wakaamriwa kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni. Intaneti ilianza kurudi baada ya siku kadhaa. Fikiria msafiri ambaye tiketi yake iko kwenye barua pepe tu, hawezi kuita teksi kwa programu ya simu, na taarifa zote alizitegemea mtandaoni.

Kwa hiyo, chapisha tiketi kwenye karatasi, nakala mbili. Moja kaa nayo mkononi, maana ndiyo utakayomwonyesha polisi kizuizini. Wakati wa kafyu ya korona mwaka 2020, tiketi ya ndege ilimruhusu abiria wa Kenya kupita usiku. Andika kwenye daftari namba ya bukingi, ile yenye herufi na tarakimu sita, pamoja na simu ya shirika, ya wakala na ya dereva. Toa pesa taslimu za nauli na chakula cha siku mbili. Chaji simu ijae, na uwe na salio la kupiga, siyo bando peke yake.

Kisha hakikisha jambo ambalo huwaponza wengi wanaokwenda kazini Ghuba: kwenye bukingi kumeandikwa namba ya nani? Mara nyingi wakala huandika yake. Shirika likituma ujumbe kwamba ndege imesogezwa saa tatu mbele, ujumbe unaingia kwa wakala aliyelala. Piga shirika, taja namba ya bukingi, na uombe namba yako iongezwe.

Ukiona utachelewa, au ndege ikifutwa

Usingoje ndege iondoke ndipo upige simu. Piga ukiwa bado njiani, mwambie wakala au shirika kwamba umezuiwa, na uombe tiketi isogezwe. Kabla ya ndege kuruka wewe bado ni abiria anayeomba kubadilisha siku. Baada ya kuruka umekuwa abiria ambaye hakutokea. Siku za ghasia, baadhi ya mashirika huruhusu mabadiliko bila faini, lakini humpa anayeomba. Andika saa uliyopiga na jina la aliyekujibu.

Ndege ikifutwa na shirika, usikubali haraka kurudishiwa pesa ikiwa bado unahitaji kusafiri, kwa sababu tiketi mpya inaweza kuwa ghali zaidi. Uliza kwanza ndege inayofuata, hata kama inapitia mji mwingine. Hifadhi risiti za chakula na malazi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unalitaka shirika lifidie hasara ya ucheleweshaji, isipokuwa likithibitisha kwamba lilifanya yote yaliyowezekana. Ghasia za barabarani huwa kinga yao, kwa hiyo usitegemee fidia kubwa. Kiti kingine au nauli yako ndiyo madai ya kushikilia.

Na mwajiri, hospitali au chuo kinachokungoja? Wapigie siku hiyo hiyo. Viza ikikaribia kwisha, ni bora ubalozi na wakala wajue leo kuliko wiki ijayo.

Wanaosindikiza na wanaopokea

Tunajua desturi yetu: anayesafiri husindikizwa na matatu nzima. Siku ya maandamano, agana nyumbani. Gari lenye watu 14 husimamishwa upesi kuliko lenye watu wawili, na hao wengine watapaswa kurudi jioni kupitia vizuizi vile vile. Anayempokea mgeni amwambie abaki ndani ya uwanja hadi njia ifunguke, badala ya kutoka na kubahatisha kwa bodaboda na mizigo.

Mkikuta barabara imewashwa matairi, msibishane na vijana wala polisi. Rudini nyuma, tafuteni njia nyingine, au subirini mahali palipo salama. Tiketi hubadilishwa kwa pesa, hata kama ni nyingi. Anayeisafiria habadilishwi.

Kwa hiyo ukisikia tarehe imetangazwa, fanya mambo manne jioni hiyo hiyo: piga shirika uhakikishe namba yako imeandikwa, chapisha tiketi, tafuta pa kulala karibu na uwanja, na upange kuondoka siku moja mapema. Maandamano yakiahirishwa, utakuwa umepoteza usiku mmoja tu.