Picha ya dhoruba inapochelewa kumfikia rubani

Alfajiri ya tarehe 25 Machi mwaka 2010, helikopta ya kubebea wagonjwa ilikuwa imetua katika hospitali moja ya mji wa Jackson, jimbo la Tennessee, nchini Marekani. Mgonjwa alikwishakabidhiwa kwa madaktari. Rubani alitaka kurejea kituoni kwake Brownsville, mji ulio jirani, lakini dhoruba ya ngurumo ilikuwa ikielekea huko huko. Akazungumza kwa simu na rubani mwenziwe, akamwambia kwamba anazo dakika kama 18 za kuitangulia dhoruba hiyo. Wauguzi wawili aliofuatana nao waliwahi kupanda dakika za mwisho, helikopta ikaruka. Haikufika. Ilianguka kilomita chache kabla ya kituo, na wote watatu wakafariki dunia.

Rubani huyo hakuruka akiwa kipofu. Mbele yake palikuwa na kioo kidogo cha kuonyesha mvua, kinachopokea picha zake kutoka setilaiti. Kioo kilikuwa kizima na picha ilifika. Ila picha hiyo ilikuwa na umri, na umri ulioandikwa juu yake haukuwa umri wake wa kweli.

Msikilizaji, ili kulielewa jambo hili yatupasa kwanza turudi nyuma kidogo, tuone rubani wa ndege ndogo alikuwa akizipata wapi habari za hali ya hewa kabla ya setilaiti kuingia katika kazi hii.

Ndege kubwa ya abiria huwa na rada yake yenyewe puani. Rada hiyo hupeleka mawimbi mbele, mawimbi yakagonga matone ya mvua na kurudi, na rubani akaona mvua kama ilivyo wakati huo huo. Ndege ndogo ya injini moja haina nafasi hiyo, kwani puani ndipo ilipo injini na pangaboi. Na hata pale inapowezekana kuitundika rada chini ya bawa, bei na uzito wake humshinda mwenye ndege ya watu wanne. Kwa hiyo kwa miaka mingi rubani binafsi nchini Marekani alisoma taarifa kabla ya kuruka, kisha akiwa angani aliwaita kwa redio maofisa wa hali ya hewa walioko ardhini, wakamsimulia kwa maneno kile wanachokiona kwenye vioo vyao. Huduma hiyo maalumu ya redio iliendelea hadi mwaka 2015. Lakini kusimuliwa dhoruba si sawa na kuiona, hasa kwa mtu ambaye mkono mmoja umeshika usukani na mwingine umeshika ramani.

Mageuzi yalitoka mahali ambapo wengi hawakupatarajia, nako ni kwenye muziki. Mwaka 2001 kampuni ya XM ilianza kurusha nyimbo na vipindi kutoka setilaiti moja kwa moja hadi kwenye redio za magari ya Wamarekani. Palikuwa na nafasi ya ziada katika mawimbi hayo, na katika mwaka 2003 taarifa za hali ya hewa kwa ajili ya marubani zikaanza kupita humo humo, sambamba na nyimbo. Mwaka 2005 kampuni ya Garmin ilitoa kifaa cha mkononi kiitwacho GPSMAP 396, kilichomwonyesha rubani mahali alipo na mvua iliyo mbele yake katika ramani moja. Mwaka 2008 XM iliungana na mshindani wake Sirius, na huduma hiyo ingali ikitolewa hadi leo kwa jina la SiriusXM, kwa ada ya kila mwezi.

Namna inavyofanya kazi haitakuwa ngeni kwako wewe unayesikiliza redio. Kifaa cha rubani hakiulizi kitu wala hakijibu. Kinasikiliza tu. Setilaiti hutangaza taarifa zote kwa mzunguko, tena na tena: picha za mvua, radi, upepo katika kimo mbalimbali, hali ya viwanja vya ndege, utabiri, na maeneo ambayo ndege zimezuiwa kupita. Wakisikiliza marubani 10 au 10,000, kwa setilaiti ni mamoja. Na kwa kuwa matangazo yanatoka juu, rubani huyapata hata akiwa bado chini, kabla ya kuwasha injini, na huendelea kuyapata akiruka kimo cha chini kati ya vilima ambako redio ya kawaida ingekatika.

Je, ucheleweshaji unatoka wapi basi? Wengi hudhani ni ule umbali wa setilaiti. Sivyo. Setilaiti zilizoonekana kama zimesimama juu ya ikweta ziko umbali wa kilomita kama 36,000, na mawimbi ya redio huupanda umbali huo na kuushuka kwa muda wa takriban robo ya sekunde. Angani hakuna kinachopotea. Dakika zinapotea ardhini.

Marekani ina mtandao wa rada za hali ya hewa zipatazo 160, ujulikanao kama NEXRAD. Kila rada huzunguka ikitazama pande zote, kisha huinua uso wake kidogo na kuzunguka tena, kisha tena, mpaka imelipekua anga kutoka chini hadi juu. Mvua inaponyesha, kazi hiyo huchukua dakika 4 hadi 6 hivi. Anga likiwa tulivu huweza kuchukua dakika 10. Kila rada ina saa yake ya kumaliza. Matokeo yao hukusanywa, yakaunganishwa kama vipande vya mkeka kufanya picha moja ya nchi nzima, ndipo picha hiyo ikapelekwa kwenye kituo cha kurushia, ikapanda kwenye setilaiti, ikamshukia rubani. Halafu hukaa kiooni hadi nyingine itakapokuja.

Sasa sikiliza hapa, kwani hapa ndipo penye mtego. Kioo huandika umri wa picha: dakika 1, dakika 3, dakika 5. Lakini umri huo huhesabiwa tangu picha ilipounganishwa, si tangu rada ilipoyaona matone ya mvua. Ni kama barua. Muhuri wa posta hukuambia siku barua ilipopita posta, haukuambii mwandishi aliiandika lini, wala kama mgonjwa anayetajwa ndani yake bado yu hai. Mwezi Juni mwaka 2012, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa tahadhari kwa marubani wote ikieleza kwamba katika hali mbaya kabisa picha huweza kuwa nyuma kwa dakika 15 hadi 20 kuliko umri ulioandikwa kiooni.

Tahadhari hiyo iliitaja ajali ya Brownsville. Picha ya mwisho aliyoipata rubani ilionyesha kuwa ina umri wa dakika 1. Umri wake wa kweli ulikuwa kama dakika 5. Kiooni, dhoruba ilikuwa bado iko maili kama 7 kutoka kituoni, yaani kilomita 11 hivi. Katika anga halisi ilikwishaanza kupita juu ya kituo chenyewe. Haki yataka isemwe pia kwamba wachunguzi hawakukitupia kioo lawama yote. Walisema chanzo cha ajali ni uamuzi wa kuruka kuelekea hali mbaya ya hewa iliyokuwa inakaribia. Lakini mtu huamua kwa kile anachokiona, na hesabu ya dakika 18 haina nafasi ya kupoteza hata 4.

Tahadhari hiyo hiyo ilitaja ajali nyingine, ya Desemba mwaka 2011, karibu na mji wa Bryan, jimbo la Texas. Ndege ndogo aina ya Piper iliyokuwa na watu watano ilivunjika ikiwa angani, wote wakafa. Rubani alijua kwamba njiani kuna hali mbaya ya hewa, na picha za rada kutoka setilaiti alikuwa nazo. Mvua iliyomkuta ilikuwa ikikua upesi, nazo picha zilikuwa nyuma yake kwa dakika kadhaa.

Huenda msikilizaji akauliza, dakika chache ni kitu gani? Hebu tupige hesabu. Ndege ndogo iendayo kilomita 240 kwa saa hukata kilomita 4 kila dakika. Katika dakika 15 imekwenda kilomita 60. Dhoruba yenyewe haikai ikimngoja; ikisogea kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, katika muda huo itakuwa imehama kwa zaidi ya kilomita 12. Na kuhama si jambo baya kuliko yote. Wingu la ngurumo changa huweza kupanda mamia ya mita kwa dakika moja, kwa hiyo mahali palipokuwa peupe kwenye picha panaweza kuwa na ukuta wa mvua, upepo wa kushuka kwa kishindo na mvua ya mawe wakati rubani anapofika. Uwazi kati ya dhoruba mbili, ambao kiooni unaonekana kama mlango, ndio mahali pa hatari zaidi, maana ndipo wingu jipya linapopenda kuzaliwa.

Kwa sababu hiyo wakufunzi wa urubani hufundisha kwamba picha ya setilaiti ni ya kupangia safari, si ya kupenyezea. Rubani akiwa bado kilomita 200 mbali, picha yenye umri wa dakika 15 inatosha kabisa kumwonyesha kwamba upande wa kusini kumefungwa na kaskazini kuna njia, au kwamba afadhali atue mapema, anywe kahawa, angoje. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inashauri kukaa angalau maili 20 mbali na dhoruba kali ya ngurumo, yaani zaidi ya kilomita 30. Umbali huo unameza sehemu kubwa ya kosa la picha. Anayejaribu kupita kilomita 5 kutoka ukingo wa rangi nyekundu anakitegemea kioo kwa kitu ambacho hakikutengenezewa.

Kuna na kasoro nyingine, ndogo kwa kuisema lakini si ndogo kwa atakayekutana nayo. Rada huona mvua. Msukosuko wa hewa na wingu lisilo na mvua haivioni. Nyuma ya milima mirefu huwa na kivuli, na pale palipo na kivuli kioo kisiposomwa kwa makini hufanana na mahali pasipo na mvua.

Siku hizi rubani wa Marekani ana njia ya pili isiyo na malipo. Vituo vya ardhini vya serikali hurusha taarifa karibu zile zile kwa masafa ya megahezi 978, kama sehemu ya mfumo wa kutambulisha ndege uliofanywa kuwa wa lazima katika sehemu kubwa ya anga lao kuanzia tarehe 1 Januari mwaka 2020. Akiwa chini uwanjani au akiruka kimo cha chini mbali na vituo hivyo, mara nyingi hapati kitu, na ndiyo maana wapo wanaoendelea kulipia setilaiti. Wengine, tangu mwaka 2024, wameanza kubeba vipokezi vidogo vya intaneti ya setilaiti kama vile Starlink Mini. Lakini picha ya mvua inayopita njia hizo zote imetoka kwenye rada zile zile na mkusanyo ule ule. Intaneti iwe ya kasi namna gani, haiwezi kuiharakisha rada iliyo katikati ya mzunguko wake.

Nje ya Amerika ya Kaskazini hali ni tofauti. Huduma ya SiriusXM haisikiki Muscat wala Mombasa. Rubani aliye mbali na huko anaweza kutumia setilaiti za mawasiliano kama zile za Iridium, 66 kwa idadi, zinazozunguka dunia nzima kwa umbali wa kilomita 780 hivi kutoka ardhini. Huko yeye huomba taarifa, akajibiwa. Lakini atajibiwa nini? Picha ya mvua haiwezi kuzidi rada zilizoipiga, na katika Afrika Mashariki rada ni chache ingawa zipo, kwa mfano Dar es Salaam na Mwanza. Juu ya Ziwa Victoria, ambako ngurumo nyingi huzaliwa usiku upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya maji, kwa muda mrefu jicho kuu limekuwa setilaiti ya Meteosat ya Ulaya, inayotazama Afrika kutoka juu ya ikweta.

Jicho hilo huona kilele cha wingu, si mvua iliyo chini yake, na kizazi chake cha pili kilipiga picha kila baada ya dakika 15. Meteosat-12, iliyorushwa Desemba mwaka 2022 na kuanza kazi rasmi Desemba mwaka 2024, hupiga kila baada ya dakika 10, na imebeba kifaa cha kuona radi usiku na mchana katika Afrika yote. Radi moja ikipiga juu ya ziwa, sasa huweza kujulikana ndani ya muda mfupi hata pale ambapo hakuna rada. Iliyobaki ni safari ya habari hiyo kutoka kwa mtabiri hadi kwa rubani aliye angani, ambayo mara nyingi bado hufanywa kwa sauti, kupitia redio ya mnara wa kuongozea ndege.