Zipu ya mgongoni na mtoto anayelia

Sendofu ya wifi yangu ilifanyika Sinza, Jumamosi moja ya masika. Kamati ilikuwa imeamua sare miezi miwili kabla: kitenge cha samawati chenye maua ya dhahabu, mshono mmoja kwa wanawake wote wa upande wetu. Gauni la kubana mpaka magotini, shingo ya juu, zipu mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni. Mimi nilikuwa na mtoto wa wiki kumi na moja. Nikatoa mchango, nikapimwa, nikashonewa kama wenzangu. Haikunijia kabisa kumuuliza mtu: na huyu atanyonyaje?

Saa tatu usiku, MC akiwa anaita wazazi wa pande zote mbili, mtoto akaamka. Kilio cha njaa mama hakikosei. Maziwa yalishuka kabla sijainuka kitini. Nikamshika shangazi mkono, tukaingia kwenye chumba cha kuwekea viti, akanifungua zipu, nikashusha gauni zima mpaka kiunoni. Nikakaa juu ya rundo la viti vya plastiki mgongo wazi, kifua wazi, tumbo wazi, na shangazi kasimama mlangoni katanda kanga kama pazia. Mtoto alikuwa amekwisha kulia sana kiasi kwamba hata alipopewa ziwa alishindwa kulishika; alikuwa analitema na kulia upya. Ilinichukua kama robo saa kumtuliza. Niliporudi ukumbini keki ilikuwa imekatwa, na kitenge changu kilikuwa na maduara mawili ya maji kifuani.

Tangu usiku ule, nguo ya mwanamke anayenyonyesha naiangalia kwanza mahali inapofungukia. Urembo wake nautazama baadaye.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Maana yake nguo ya mama inafunguliwa na kufungwa mara zote hizo, tena mara nyingi kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili umembeba mtoto. Ndani ya daladala mkono huohuo mmoja unatafuta na nauli ya konda. Usiku chini ya chandarua mkono unafanya kazi gizani. Nguo inayohitaji mikono miwili, au inayohitaji msaidizi, inamchelewesha mtoto. Na mama aliyechelewa mara tatu nne kwa sababu hiyo huanza kufanya mahesabu: nikitoka nimbebee chupa, au nisitoke kabisa. Nimewaona wanawake waliokatisha safari za kanisani, za msibani na za sokoni kwa sababu ya gauni.

Bibi zetu hawakuwa na shida hii. Kanga moja ilifungwa kifuani, ya pili ikakaa mabegani au kichwani, na ndiyo maana zinauzwa doti, mbili pamoja. Mtoto yuko mgongoni ndani ya mbeleko. Akilia anazungushwa kwa mbele, kanga ya kifuani inalegezwa kidogo, ya mabegani inashuka yenyewe na kufunika. Hakuna zipu, hakuna kishikizo, na hakuna aliyeacha alichokuwa akikifanya. Pamba yake ni nyepesi, inapitisha hewa, inanyonya jasho na maziwa, na ikilowa asubuhi mchana imeshakauka. Kanga hiyohiyo ndiyo mama aliyofungiwa tumbo katika siku arobaini, ndiyo aliyolalia mtoto, ndiyo iliyomfuta mdomo alipocheua. Sijaona nguo dukani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kunyonyesha ikafanya nusu ya kazi hizo.

Dera nalo lina sifa zake. Ni jepesi, halibani kovu la upasuaji, halibani tumbo ambalo bado halijarudi. Lakini madera mengi yana shingo ndogo. Mama hubaki na njia mbili: kulivuta shingo mpaka lichanike, au kulipandisha lote kutoka miguuni. Dera la mama anayenyonyesha ni lile lenye mpasuo mbele unaoshuka mpaka katikati ya kifua, au vishikizo vitatu vinne. Kwa wanaovaa baibui hali ni hiyohiyo. Baibui la kuvaliwa kichwani ni mateso. Linalofunguka mbele kwa vishikizo au zipu, likiwa na nguo nyepesi ndani, linamwachia mama uhuru wake, na mtandio unamfunika yeye na mtoto bila kuongeza kitu kingine.

Shida yetu imeanzia kwenye nguo mbili: ya sherehe na ya kazini. Ya sherehe nimekwisha kuieleza. Ya kazini ni nzito zaidi, kwa sababu inavaliwa siku tano au sita kwa wiki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa hapa Tanzania likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki kumi na mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine mpaka miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo mama anarudi kazini mtoto akiwa bado na zaidi ya miezi mitatu ya kuishi kwa maziwa yake tu. Na kwa aliyeanza likizo kabla ya kujifungua, mtoto ni mdogo zaidi ya hapo. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu kumnyonyesha mtoto wakati wa saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wengi hatuijui haki hiyo. Na hata anayeijua, akiletewa mtoto getini wakati wa mapumziko huku amevaa sare yenye zipu ya mgongoni, anatumia dakika zake kutafuta mahali pa kuvulia. Haki yake inaliwa na mshono.

Kwa anayechagua mwenyewe nguo za kazini, blauzi au shati lenye vishikizo mbele ndiyo nguo ya kwanza kununua. Chini yake avae singlendi ya pamba. Kunyonyesha kwa nguo mbili ni rahisi kuliko kwa moja: ya juu unaipandisha au unaifungua, ya ndani unaishusha chini ya ziwa, na tumbo na mgongo vinabaki vimefunikwa. Kuna wanaochukua singlendi kuukuu na kuitoboa sehemu mbili za kifuani, wakaivaa chini ya fulana yoyote waliyo nayo. Haigharimu kitu, na fulana zote za kabati zinarudi kazini. Sketi na blauzi ni bora kuliko gauni. Kwa anayekamua maziwa kazini ndiyo zaidi, kwa kuwa yeye hufungua nguo mara mbili au tatu kabla ya jioni akiwa na wasiwasi wa kugongewa mlango.

Rangi pia. Kijivu na samawati isiyo na michoro huonyesha tone moja la maziwa kama doa la mvua kwenye vumbi. Nguo yenye maua au michoro mingi inaficha tone kama hilo, na kitenge chetu kimejaliwa hilo. Kizibao au koti jepesi la kufunika doa likae kwenye kiti cha ofisini.

Ila kama ningeulizwa ni nguo ipi inayoumiza wanawake wengi zaidi, ningesema sidiria, na hapa naomba nikae kidogo.

Maziwa yanapoanza kujaa, siku ya pili mpaka ya tano baada ya kujifungua, sidiria ya zamani haitoshi. Wengi wetu huivaa hivyohivyo kwa sababu ndiyo iliyopo, au kwa sababu tumeambiwa kwamba ikibana itazuia matiti yasilegee. Mabadiliko ya umbo huletwa zaidi na mimba yenyewe, umri na mabadiliko ya uzito, kubana hakuyazuii. Kinachofanywa na sidiria ya kubana, hasa yenye waya chini, ni kukandamiza sehemu moja ya titi. Maziwa hayatoki vizuri sehemu hiyo, panatokea kivimbe kigumu, pakiachwa panakuwa pekundu na pa moto, na mama anashikwa na homa na baridi kama mwenye malaria. Akifikia hapo aende kituo cha afya, na aendelee kumnyonyesha mtoto titi hilohilo, maana kuliacha limejaa ndiko kunakozidisha ugonjwa.

Sidiria nzuri ya wakati huu haina waya, ina mkanda mpana chini ya kifua na mabegani, kikombe chake kinalimeza titi lote bila kulikata ukingoni, na vidole viwili vinapita chini ya mkanda bila kulazimishwa. Ikiwa ni ya kunyonyeshea, kikombe hufunguka kwa kibanio kidogo cha begani. Kijaribu kibanio hicho palepale unaponunua, kwa mkono mmoja, huku umefumba macho. Ndivyo utakavyokifungua saa tisa usiku. Anayenunua mwezi wa mwisho wa ujauzito achukue inayomkaa vizuri kwenye kulabu ya mwisho kabisa, ile ya kulegeza, kwa sababu mbavu zitarudi na atahitaji nafasi ya kukaza.

Kwenye soko la mitumba la Karume zinapatikana, tena za pamba imara, kwa anayejua kuchagua. Pitisha kidole ukingoni mwa kikombe uone kama kuna waya. Kama umeipenda na ina waya, tundu dogo la mkasi pembeni linatosha kuuchomoa. Vuta mkanda: kama haurudi, lastiki imekufa. Ifue kwa maji ya moto na uianike juani kabla ya kuivaa. Tatu zinatosha: moja mwilini, moja kambani, moja kwenye mfuko wa mtoto.

Maziwa yanayovuja yanahitaji kitambaa ndani ya kikombe. Vya dukani vipo, lakini kanga kuukuu iliyokatwa duara na kushonwa matabaka manne inafanya kazi ileile. Muhimu ni kubadili mara kinapolowa. Unyevu ukikaa kwenye chuchu siku nzima katika joto la Dar es Salaam, ngozi inalainika na kupasuka, na fangasi hupenda mahali pa namna hiyo. Kwa sababu hiyohiyo nailoni ikae kabatini kwa sasa.

Halafu kuna suala la kujifunika, ambalo kila mtu ana lake la kusema. Wapo wanawake wanaotaka kufunikwa, kwa imani yao au kwa tabia yao, na nguo nzuri iwawezeshe. Kanga moja nyepesi, pembe yake imefungwa begani, inatosha. Mtoto anapata hewa na mama anamwona uso. Shali nzito ya sufu au blanketi la mtoto linamchemsha, naye akitoka jasho anaacha kunyonya. Mtoto wa miezi mitano huivuta kanga na kuitupa ili aone kinachoendelea, na mama hana kosa hapo.

Lakini kufunikwa kusigeuzwe kuwa sharti la mtoto kula. Mei 2018 akina mama waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kueleza kwamba alifukuzwa mgahawani kwa sababu alikuwa akinyonyesha. Mwaka mmoja kabla ya hapo Kenya ilikuwa imepitisha Sheria ya Afya ya 2017 inayowataka waajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea kazini. Nilipoona picha za maandamano yale nikakumbuka bibi yangu akinyonyesha barazani, akiongea na mashemeji zake, na hakuna aliyegeuza shingo. Aibu hii hatukuzaliwa nayo.

Lile gauni la sendofu sikulitupa. Nililipeleka kwa fundi wa jirani, Mwananyamala, anayeshona chini ya mwembe. Aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye ile mishono miwili inayoshuka kutoka begani ikapita katikati ya kila titi.

"Mama, hapa pana njia," akasema.

Akaifumua, akaingiza zipu mbili za siri za inchi nane, za plastiki, si za chuma. Nikamwomba aweke kipande cha kitambaa nyuma ya kila zipu ili meno yake yasimkwaruze mtoto shavuni. Hilo hakuwa amelifikiria, na akaniambia hivyo. Akatoa pia zile shanga zilizopangwa kifuani. Kwa mbali gauni ni lilelile.

Nilimfundisha hilo moja, na sikudhani lingefika mbali. Mwezi uliopita nilikuwa pale nikisubiri sare za shule za mwanangu mkubwa, akaja msichana na kitenge chake na picha ya mshono kwenye simu: shingo ya juu, zipu mgongoni. Fundi akaitazama picha, akachukua futi, kisha akasita.

"Dada, samahani nikuulize. Nyumbani kuna anayenyonya?"

Yule msichana akashika tumbo lake, ambalo sote wawili hatukuwa tumeliona chini ya dera. "Bado miezi minne," akasema.

Fundi akachukua chaki, akachora mistari miwili juu ya kitenge.