Kwa Nini Watu wa Makobola Hawaondoki Ufukweni

Ukitoka Uvira kwa barabara ya taifa namba 5 kuelekea Baraka, ukiisha kuipita bandari ya Kalundu, mlima unaanza kuisogelea barabara. Kulia ni miteremko ya Mitumba, ambayo juu ya Uvira inapanda kupita mita 3,000. Kushoto ni Ziwa Tanganyika, ambalo kwa kawaida uso wake uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Katikati pamebaki ukanda mwembamba wa ardhi, na vijiji vyote vya mwambao huu vimebanana humo. Makobola ni kimojawapo: kijiji cha wavuvi na wakulima wa mihogo, kilomita zisizofika 30 kutoka mjini, pale teritwari ya Uvira inapopakana na ya Fizi.

Tangu ziwa lianze kupanda, swali moja haliishi kwenye mikutano, na mara nyingi wanaoliuliza wana nia njema: watu hawa wa ufukweni mbona hawahami? Kazi yangu ni ziwa na samaki wake, na naona swali hili limekuwa likijibiwa kwa lawama tu, eti ni ukaidi au ujinga. Ukiangalia namna kijiji kinavyopata chakula, utaona kwamba kila nyumba iliyo karibu na maji ina sababu yake.

Tuanze na ardhi. Bonde la Tanganyika ni ufa wa dunia, na kuta zake zinashuka wima juu ya maji na chini ya maji vilevile. Kina kinafika mita 1,470. Duniani ni ziwa Baikal peke yake, huko Siberia, linalolizidi. Sehemu nyingi za mwambao huu wa magharibi hazina hata nafasi ya kiwanja cha mpira. Tambarare ipo pale tu ambapo mto umeitengeneza. Mto unashuka mbio kutoka mlimani umebeba mawe, changarawe na udongo. Ukifika chini nguvu zinauishia, unautua mzigo wake mbele ya ziwa. Maelfu ya miaka ya kutua hivyo ndiyo yaliyozaa vipande vya ardhi yenye rutuba vinavyotokeza majini. Mji wa Uvira wenyewe umekalia ardhi iliyoletwa na mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge. Vijiji vya kusini vinafuata kanuni ileile: tafuta mlango wa mto, hapo utakuta nyumba.

Mto huohuo uliowapa watu makao hurudi siku ya mvua kubwa kuidai njia yake. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilifurika Uvira, ikaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mlima ukiisha kukatwa miti ya makaa na kulimwa mihogo hadi kwenye miteremko mikali, hauna tena cha kuyashikia maji. Kwa hiyo anayemwambia mtu wa Makobola arudi nyuma, amweleze kwanza anarudi nyuma wapi. Nyuma ya nyumba yake ni barabara, nyuma ya barabara ni shamba la mihogo, na nyuma ya shamba ni mteremko ambao mvua ikinyesha sana unaporomoka.

Sasa samaki. Riziki ya kijiji iko mbali na ufuko, kwenye maji ya wazi, na mchana haionekani kabisa. Ndagala wa ziwa hili ni wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na yule mnene kidogo anayeitwa lumbu, Limnothrissa miodon. Wote wawili ni jamaa wa dagaa wa baharini. Mchana wanajificha kwenye kina. Jua likizama wanapanda kufuata vijidudu vidogo vya majini wanavyokula, na nyuma yao anapanda mukeke, ambaye chakula chake ni wao. Ni msafara wa kila usiku, na uvuvi wote wa kaskazini mwa Tanganyika umejengwa juu yake.

Zamani mvuvi aliwasha moto wa kuni mtumbwini, akawachota ndagala kwa lusenga, wavu wenye umbo la pia uliofungwa kwenye mti mrefu. Baadaye zikaja taa za karabai. Kuanzia miaka ya 1950 watu wakaanza kuunganisha mitumbwi miwili kwa miti na kuning'iniza wavu mpana katikati yake. Siku hizi vile vyombo vikubwa zaidi vinaitwa Apollo, na karabai zimeachia nafasi balbu za betri. Indonesia wana chombo kinachoitwa bagan, chenye wavu wa kuinuliwa na taa juu yake, nao huvulia samaki wadogo wa baharini. Mvuvi wa Makobola angepandishwa humo usiku mmoja, asingehitaji mtu wa kumfundisha.

Kuinua wavu ni kazi ya ustadi. Wavu unashushwa gizani, taa zinawashwa, watu wanangoja saa nzima au zaidi huku samaki wakikusanyika. Halafu taa za pembeni zinazimwa moja moja mpaka inabaki ile ya katikati, na samaki wote wanajisogeza chini yake. Hapo kamba za pande zote zinavutwa kwa mwendo mmoja. Upande mmoja ukichelewa, wavu unainama na samaki wanamwagika kupitia hapo, na kazi ya saa mbili imekwenda na maji. Ndiyo maana wafanyakazi wa chombo kimoja hupenda kubaki pamoja: wamezoeana mikono.

Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu ya kuwaita samaki, kwa sababu ziwa zima lina mwanga. Vyombo vinavutwa nchi kavu kwa siku kadhaa kila mwezi, na katika siku hizo nyavu zinashonwa, mashamba yanalimwa, harusi na vikao vya ukoo vinafanyika. Mgeni anayefika siku hizo na kuwakuta wanaume wamekaa chini ya mwembe mchana kutwa, asiandike kwamba hawana kazi. Kalenda ya hapa inasomwa angani.

Alfajiri ndiyo saa inayoeleza zaidi kwa nini nyumba ziko zilipo. Vyombo vinapotia nanga, akina mama wameshafika na beseni zao. Bei inapatikana palepale, kwa maneno machache.

"Papa, unipunguzieko kidogo, jana nilikuachia."

"Mama, samaki ndio hawa tu, na mwezi unakuja."

Ndagala ni samaki mdogo mwenye mafuta, na kwenye joto la hapa anaharibika katika saa chache. Barafu hakuna, umeme hakuna. Lazima aanikwe mara moja, asubuhi hiyohiyo, ili jua la siku moja limkaushe. Akianikwa juu ya mchanga, anauzwa rahisi kwa sababu mlaji anasaga mchanga kwa meno. Akianikwa kwenye chanja za waya zilizoinuliwa, anakauka pande zote mbili na bei inapanda. Ng'ambo huko Burundi, FAO ilisaidia kueneza chanja hizo. Lakini hata chanja inahitaji mlinzi. Ndege wanashuka, mbuzi wanapita, wingu linatokea mlimani ghafla na mama ana dakika chache tu za kukusanya kila kitu na kukiingiza ndani. Mweke mama huyo kilomita mbili kutoka ufukweni, na mvua ya kwanza ya Oktoba itamlia mtaji wake wote. Mwenye wavu naye yuko vilevile. Wavu na mashine ya boti ndiyo mali yote ya familia, na mtu halali mbali na mali yake.

Kuna sababu nyingine, nayo ni nzito. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi tarehe 2 Januari 1999, katika vita vya pili vya Kongo, watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola na vijiji jirani. Umoja wa Mataifa uliyaandika hayo katika ripoti yake kubwa ya 2010 kuhusu maovu yaliyotendwa nchini. Katika miaka hiyo, kwa maelfu ya watu wa mwambao huu, njia ya kuponea ilikuwa ziwa. Walivuka kwa mitumbwi na maboti mpaka Kigoma, wakapokelewa kwenye kambi za Tanzania, Nyarugusu ikiwemo. Kuanzia 2005 wengi walianza kurudishwa kwa meli, wakashukia Baraka. Watu waliopitia hayo hawalioni ziwa kama mpaka wa kijiji tu. Boti iliyofungwa karibu na mlango ni usalama, na sijaona mpango wowote wa kuhamisha watu uliokaa chini na kulizungumza jambo hilo.

Ziwa lenyewe sasa. Maji yanaingia kwa mito mingi, Ruzizi kutoka Ziwa Kivu ukiwemo, lakini yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga karibu na Kalemie, na mlango huo ni mwembamba. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka yanaondoka kwa kukauka na jua. Kwa hiyo mvua ikizidi kwa miaka miwili mitatu, ziwa linapanda na kubaki juu muda mrefu, kwa sababu halina pa kujimwagia haraka. Si mara ya kwanza. Katika karne ya 19 Lukuga ilikuwa imezibwa na matope na majani, na maji yakapanda sana. Mwaka 1878 kizuizi hicho kikavunjika, na ziwa likashuka kwa takriban mita 10 katika muda usiofika miaka 20. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zikalipandisha tena, likafika kilele mwaka 1964. Baada ya mvua za 2019 lilianza kupanda upya, na mwaka 2024 lilikuwa limekaribia alama ya 1964, likiingia ndani ya nyumba za mtaa wa Kavimvira na kuifunika bandari ya Kalundu.

Huo ni mzunguko mrefu kuliko kumbukumbu ya kijana, ila haujazidi kumbukumbu ya mzee. Katika vijiji hivi bado wapo wazee wanaojua maji ya 1964 yaliishia wapi. Maelezo yao ni kipimo cha kweli, na anayepima ardhi angefanya vizuri kuwaendea kabla ya kufungua kompyuta yake.

Huku juu maji yanapanda, chini samaki wanapungua, na sababu haziko zote mikononi mwa mvuvi. Ziwa hili limegawanyika kwa matabaka. Hapa kaskazini, ukishuka kama mita 100, hewa ya oksijeni imekwisha. Virutubisho vingi vimelala huko chini, na vinahitaji upepo wa kusini wa kiangazi kuvikoroga vipande juu. Maji ya juu yakipata joto, yanakuwa mepesi na hayachanganyiki na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwa ulikuwa umeshuka kwa asilimia kama 20 kwa sababu hiyo. Ongeza na nyavu za kukokota na vyandarua vinavyozoa vifaranga pembezoni, na utaona hesabu inavyokuwa ngumu. Tanzania ilifunga uvuvi kwa miezi mitatu katikati ya 2024. Mimi naunga mkono kupumzisha ziwa. Lakini mama anayeishi kwa beseni moja la asubuhi hana akiba ya miezi mitatu, na kufunga bila kumtafutia la kula ni kumsukuma kwenye chandarua.

Kipindupindu kinahitaji neno lake. Uvira na mwambao wake ni kati ya sehemu za Kongo ambako ugonjwa huu haukatiki, na ambaye hana bomba anachota ziwani, mahali palepale watu wanapooga na kufulia. Watafiti walifuatilia mji wa Uvira kuanzia 2009 hadi 2014, na matokeo yao ya 2015 yalionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika siku nzima, wagonjwa wanaopokelewa katika siku 12 zinazofuata wanazidi mara mbili na zaidi. Na huo ni mji wenye mabomba ya REGIDESO, shirika la maji la taifa. Kijiji kisicho na bomba kabisa kiko katika hali ya kukatikiwa maji kila siku. Kati ya fedha zote zinazotumwa kwenye mwambao huu, za bomba ndizo ningezitanguliza.

Turudi kwenye swali la kuhama. Burundi, kwa sheria yake ya maji ya 2012, inataka mita 150 kutoka ufukweni ziachwe bila majengo. Ukiileta kanuni hiyo kama ilivyo huku upande wa mlima, kuna sehemu ambako mita 150 zinameza nyumba, barabara na shamba kwa pamoja. Linalowezekana ni kutenganisha mahali pa kulala na mahali pa kazi: vyumba vya familia vipande juu ya alama ya 1964, kando na njia ya mto, na ufuko ubaki wa kutia nanga, wa chanja, na wa ghala la nyavu lenye mlinzi anayelipwa na chama cha wavuvi. Umbali usizidi mwendo ambao mama anaweza kuukimbia wingu likianza kutanda.

Na wakati wa kufanya hivyo ni wakati ziwa linashuka. Baada ya 1964 maji yalirudi nyuma kidogo kidogo, mchanga ukatokea, watu wakaona kiwanja kizuri kisicho na mwenyewe, wakajenga. Nyingi ya nyumba zilizozama juzi zilikuwa za ardhi hiyo. Safari hii mchanga huo ukitokea, shefu wa kijiji, watu wa ardhi wa teritwari na wavuvi wenyewe wawe wameshakubaliana na kupigilia vigingi, kabla ya mtu wa kwanza kuchimba msingi.